Vienna kwa baiskeli: pita Lobau

Mkuu umeuliza kama siku moja ya Vienna inatosha kupita Lobau, ule msitu wa kando ya mto Danube, kwa baiskeli, inatosha kabisa. Panda treni ya U2 mpaka Donaustadtbrücke, ila siku za kazi baiskeli hairuhusiwi saa za msongamano, halafu fuata tuta la mto linaitwa Hubertusdamm, ndiyo njia ya EuroVelo 6, ile njia ndefu ya baiskeli ya Ulaya, kuelekea Bratislava, Slovakia. Ni flati tupu lami safi lakini kivuli hamna na upepo mara nyingi unatoka magharibi, kwa hiyo kwenda unasukumwa, kurudi ndo utajua, beba maji ya kutosha.

Usiishie kwenye tuta tu, please. Ingia kwenye njia za ndani zilizowekewa alama za baiskeli (nyingine ni za miguu tu), huko ndo kuna madimbwi na mikono ya zamani ya Danube, miti imelala majini, ukinyamaza unaweza kuona kobe wa majini au mti uliotafunwa na biva (beaver, mnyama wa majini anayekata miti kwa meno). Napoleon mwenyewe alipiga kambi hapo 1809, akapigwa na Waaustria kwenye vita vya Aspern mwezi wa tano, mwezi wa saba akavuka tena mto kwenda kushinda vita vya Wagram, mawe ya kumbukumbu yapo.

Na ujue huu msitu umebaki sababu watu waligoma, Desemba 1984 walilala kwenye baridi huko chini mto unakoelekea, karibu na mji wa Hainburg, kuzuia bwawa la umeme, 1996 ikawa hifadhi ya taifa. Mimi hiyo naiheshimu sana.

Kiangazi mbu ni wengi mno, paka dawa.