Jibu: Simbilisi aliyebaki hataki kula

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba tangu simbilisi (guinea pig) wako mmoja afe, aliyebaki anajibanza pembeni na hagusi majani. Usikimbilie kusema ni majonzi. Wangu nilimdhania hivyo hivyo, kumbe meno ya nyuma yalikuwa yamerefuka hadi yakambana ulimi. Angalia kwanza kinyesi: ukiona punje ni chache na ndogo kuliko kawaida, naye hajala kwa nusu siku, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, kwa maana utumbo ukisimama mnyama huyu hufa upesi. Kama una amoksilini (dawa ya antibiotiki) iliyobaki kabatini, usimpe kabisa, kwani kwake ni hatari. Mwekee nyasi kavu na vipande vya pilipili hoho, kwa kuwa mwili wake hautengenezi vitamini C. Mwenzi mpya asubiri, maana hujasema yule wa kwanza alikufa kwa nini, na huenda ulikuwa ugonjwa wa kuambukiza.