Florini wangu wa kwanza alikuwa na meno ya kahawia

Juzi kijana mmoja wa Ngarenaro, hapa Arusha, kaniandikia: "Kaka, nataka kuchora elementi ziwe katuni kama zako. Unatumia programu gani?" Nilicheka, kisha nikakasirika kidogo. Wote mnauliza programu, kemia haulizi mtu.

Mimi nilianza na penseli na karatasi za rimu, mezani kwa shangazi pale Sakina. Oksijeni nilimchora kichwa kinawaka moto, nikajiona fundi. Shule moja iliyoniagiza ikaibandika darasani, na mtoto wa kidato cha pili akanyoosha mkono: oksijeni yenyewe haiungui, inasaidia vitu vingine viungue. Michoro nilirudishiwa kwenye bahasha. Hela sikuiona.

Hilo nimeshalimeza. La Florini bado. Maji ya huku, yanayopita kwenye miamba ya Mlima Meru, mengi yana floraidi (ndiye Florini akishaungana na elementi nyingine) ya kuzidi, na tuliokua tukiyanywa meno yameingia rangi. Basi nikampa Florini meno ya kahawia, nikaona huo ndio utani wa nyumbani. Watoto walicheka kweli. Msichana mmoja wa dawati la mbele aliziba mdomo kwa daftari, na hakulishusha mpaka kipindi kikaisha. Na mimi meno yangu ni hayohayo!

Nikamchora upya. Florini ana elektroni 9, zile chembe ndogo zinazozunguka kiini cha atomi, saba ziko ganda la nje, kapungukiwa moja tu zitimie nane. Kwa hiyo sasa ni mwembamba, macho kodo, mkono umeshatangulia mfukoni mwa jirani. Meno meupe. Jirani ni Sodiamu: elektroni 11, ya mwisho inaning'inia peke yake nje kama chenji asiyoitaka. Nimembebesha kiroba cha magadi ya Ziwa Natron, maana alama yake, Na, ni ya natrium, jina lililotokana na hayohayo magadi. Kusema kweli, sijawahi kuchora kitu kizuri kuliko hicho.

Sasa nyie mnakimbilia kuchora kope na viatu vya raba kabla ya kuhesabu elektroni. Hesabu kwanza. Ukijua mhusika wako anatoa au anapokea, mikono utajua uiweke wapi. Halafu hesabu tena. Na kabla hujachekesha, tazama nani kakaa dawati la mbele.

Programu ni ya bure, ya simu, yoyote tu. Anza na Klorini, elektroni 17. Naye ana saba nje, njaa ileile ya Florini ila hana nguvu kama zake. Usimfanye jambazi, ndiye anayeua vijidudu kwenye maji ya bomba. Ukimaliza nitumie, nami sitakuficha.