Maswali yenu ya ndege: zimeni simu kwanza

Safari hii wengi walioniandikia wanajiandaa kwenda kutazama ndege milimani. Nimejibu niliyoweza.

Nimeona ndege mdogo wa kahawia. Ni nani?

Wapi? Alikuwa chini akichakura au juu mtini? Swali hili nimelichoka. Niandikie mahali, saa, umbo la mdomo na alichokuwa akifanya. Rangi iache mwisho, maana kwenye kivuli cha msitu kila ndege ni wa kahawia.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) au 10x50?

8x42. Ile nyingine ni nzito na hutikisika mkononi.

Tunakwenda msitu wa Amani, Usambara Mashariki, siku 2. Naweza kumwita ndege kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu?

Usifanye hivyo. Dume akisikia sauti hiyo anadhani dume mwenzake amevamia eneo lake, basi anaacha kila kitu anakuja kupigana na adui asiyekuwepo. Utaniambia ni mara moja tu. Kikundi cha kabla yako kilisema hivyohivyo, pembeni ya njia ileile. Asubuhi moja hukohuko Usambara Mashariki nilikuta simu 3 zinalia kwa pamoja mbele ya kichaka cha mitambaazi. Ndani yake kulikuwa na ndege mdogo anarukaruka huku na huku, kiwavi bado kiko mdomoni. Robo saa nzima kile kiwavi hakikufika kiotani. Na milima yetu ina ndege ambao wakitoweka hapa, huna pa kuwafuata: kipwe wa Uluguru, kwa mfano, haonekani kokote duniani nje ya milima ya Uluguru.

Mchukue mwongozaji wa kijijini, mlipe vizuri bila kumlalia bei. Atakutafutia ndege kwa masikio yake.

Nimepanda Kilimanjaro siku 6, nimeona kunguru tu. Ndege wako wapi?

Uliwaona hao shingo nyeupe wanaogombania makombo kambini kwa sababu ndipo ulipokaa. Ukivuka msitu, ukaingia kwenye mimea mikubwa ya lobelia, simama dakika 10. Kuna chozi wa kijani kinachong'aa, dume ana mkia mrefu, hutua kwenye shina la maua na kuchomeka mdomo. Lakini nyie mnakimbilia kilele.

Kweli bado kuna ndege ambao sayansi haijawajua?

Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini Udzungwa waliona miguu ya ajabu kwenye sufuria ya kitoweo. Ndipo akajulikana kwale wa Udzungwa, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Kwa wataalamu alikuwa mpya. Kwa mpishi alikuwa mchuzi. Kwa hiyo ukifika kijijini, uliza kabla ya kufungua kitabu.

Bundi analia juu ya paa letu. Tumuue?

Hapana. Panya wenu wataliwa na nani? Na ile sumu mnayomwaga darini iacheni, maana bundi humla panya aliyekwisha kuila.