Wi-Fi kupotea baada ya Windows kujisasisha
Mkuu, kama alama ya Wi-Fi imetoweka kabisa baada ya apdeti ya Windows 11, usihangaike na ruta wala nywila. Mgonjwa hapo mara nyingi ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kadi ya Wi-Fi. Kwanza zima laptop kikwelikweli: shikilia Shift huku ukibofya Shut down. Uzimaji wa kawaida huacha sehemu ya mfumo imelala, na kadi ya Wi-Fi haianzi upya. Isiporudi, bonyeza Windows+X, Device Manager, kisha Network adapters. Ukikuta kialama cha njano kwenye kadi ya Wi-Fi, ingia Properties, Driver, Roll Back Driver, yaani kurudisha draiva ya awali. Kitufe kimefifia? Basi Uninstall device, ila usitie tiki kwenye kufuta draiva, halafu washa upya. Network reset, yaani kurudisha mipangilio yote ya mtandao mwanzo, iwe ya mwisho, maana huenda ukalazimika kusakinisha upya programu ya VPN kama unayo.