Titi lililojengwa upya halikandwi maji ya moto

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 46, naishi Morogoro. Mwaka 2021 niliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, nikawekewa silikoni, kisha nikapigwa mionzi. Ulipopita mwaka na ushei titi likawa gumu, likapanda juu, likauma hadi nikawa silalii ubavu huo. Mwishowe likavimba na kutoa usaha, silikoni ikatolewa. Nilikaa mwaka mzima bila titi, ndipo nikatengenezewa jingine kwa nyama ya mgongoni, bila silikoni. Sasa ni mwezi wa tano. Upande wa chini wa titi kuna kitu kigumu kama kokwa la embe. Mgongoni panajaa maji. Yamevutwa mara tatu na yanarudi. Bega limekaza. Titi lenyewe halina hisia, ila linacheza nikivuta kitu kizito. Mama mkwe ananikanda kila jioni kwa maji ya moto na chumvi ili kile kigumu kiyeyuke. Na kuna dada ameniuzia chupa tatu za dawa ya kusafisha mabaki ya silikoni; anasema ugumu huo ndio mabaki yenyewe. Je, niendelee kukandwa? Na hizo chupa tatu zitatosha?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Leo jioni usikandwe. Pole nitakupa, na ni pole ya kweli maana umepita njia ndefu, lakini hayo maji ya moto yaishie jana.

Najua kukanda kwetu ni nini. Mzazi akijifungua anakandwa, mtoto akiteguka anakandwa, mzee akiamka na mgongo anakandwa, na mke anayekandwa na mama mkwe amepata mkwe anayempenda. Simlaumu mama hata kidogo. Ila kukanda kote kunategemea jambo moja: anayekandwa yakimchoma atashtuka na kusema "polepole, yanaunguza." Wewe huwezi kusema hivyo. Ngozi iliyo kifuani pako leo ilikuwa mgongoni, na ilipohamishwa mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiipa hisia ilikatwa. Ngozi inayoizunguka nayo ilipoteza hisia siku titi lilipoondolewa, kisha ikapigwa mionzi ikawa nyepesi. Kwa hiyo anayepima joto ni mama peke yake, na anapima kwa viganja vya mtu aliyezoea kuepua sufuria bila kitambaa.

Kuna na la pili, ambalo hata wauguzi wengine hulisahau. Ngozi ya kawaida ikipata joto, mishipa yake midogo ya damu hutanuka, damu ikalichukua lile joto na kulisambaza mwilini. Nyama iliyohamishwa inaishi kwa mshipa unaoshuka kutoka kwapani, ambao mpasuaji wako aliulinda kwa saa kadhaa ili usijikunje wala usikatike. Mishipa midogo ya ngozi yake imepoteza fahamu ya kuiamuru itanuke. Joto likiingia halitoki upesi. Maji ambayo paja lako lingeyavumilia yanaweza kutoa malengelenge kwenye titi hilo.

Niliwahi kumpokea mama aliyelala na chupa ya maji ya moto kifuani, akaamka shuka imelowa, akadhani ametoka jasho. Yalikuwa malengelenge yaliyopasuka. Usiku kucha hakusikia chochote. Kidonda kile kilichukua miezi, maana eneo lililopigwa mionzi linapona kwa shida, na sehemu ya titi ilibidi tuikate. Tangu hapo kila ninayemtengenezea titi namwambia kabla hajatoka wodini: hakuna chupa ya moto, hakuna kujifukiza kifua, usikae muda mrefu chini ya mashine ya kukaushia nywele saluni ikipuliza kuelekea kifuani, usiinamie jiko la mkaa ukisonga ugali, na jua la mchana likiwaka kifunike kifua. Ukioga, maji yapime kwa mkono wa upande mzima.

Sasa hilo kokwa. Mafuta yaliyohamishwa yakikosa damu ya kutosha hufa, na mwili huyageuza kuwa kitu kigumu. Hutokea zaidi pembezoni, mbali na ule mshipa unaoleta damu, na mara nyingi mgonjwa huligundua wiki au miezi baada ya upasuaji, kama wewe. Si sumu, hayageuki kuwa saratani, na mengine husinyaa yenyewe taratibu. Moto hauyayeyushi. Kuyaminya hakusaidii. Lakini soma vizuri: sijakuambia kwamba lako ni hilo. Mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya titi akipata kitu kigumu kipya, hakikisiwi kwa vidole, vyangu vikiwemo. Nenda ukafanyiwe altrasaundi wiki hii, na kama picha ina shaka uchukuliwe kinyama kwa sindano. Kinachonitia hofu katika barua yako ni kwamba umeandika kuhusu chumvi na chupa tatu, na hakuna mahali ulipotaja kwamba aliyekupasua ameshaligusa hilo kokwa.

Maji ya mgongoni ni tatizo tunaloliona kuliko mengine yote baada ya upasuaji huu. Pale nyama ilipotoka pamebaki nafasi, na mwili huijaza maji. Kuvutwa mara tatu si ajabu. Hukusema aliyeyavuta ni nani, na hilo linanisumbua, kwa sababu nimeona wagonjwa wanaokwenda kuvutwa maji nyuma ya duka la dawa kwa kuwa hospitali ni mbali na nauli ni ghali. Nafasi ile ni kama bwawa: damu haipiti ndani yake, kwa hiyo dawa ya kuua bakteria haifiki vizuri. Kijidudu kikiingia na sindano isiyo safi kinazaliana kwa raha, na maji yanakuwa usaha. Tena kwa miezi mitano huenda nafasi hiyo imeshajijengea ukuta wake, na kuvuta peke yake hakutatosha. Kuna wanaofungwa bandeji ya kubana, kuna wanaochomwa dawa ya kuzishikanisha kuta, na wachache hurudi chumba cha upasuaji kuondolewa kifuko chote. Uamuzi huo ni wa aliyekupasua. Na nakuomba, asitokee mtu wa kukupiga chuku mgongoni akidai anatoa maji. Kuchanja ngozi iliyo juu ya bwawa hilo ni kuwafungulia vijidudu mlango.

Kwa kuwa maumivu hayatakupa taarifa, macho yafanye kazi hiyo. Jitazame kwenye kioo asubuhi na jioni, kifua na mgongo, na nunua kipimajoto. Wekundu unaoenea, ngozi yenye joto kuliko upande wa pili, harufu, au homa ya nyuzi 38 na kuendelea: unakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakuna kinachouma.

Kucheza kwa titi ni msuli wa mgongo ambao bado una fahamu yake ya kujikunja, hakuna kilichoharibika. Bega linataka mtaalamu wa fiziotherapia na mazoezi ya kila siku, maana mionzi inaendelea kukaza misuli na ngozi kwa miaka. Mkono nao ukianza kuvimba, usisubiri uwe mzito. Kuna soksi maalumu ya kubana na namna ya kusukuma maji kwa vidole vyepesi, nayo unafundishwa na mtu aliyeisomea.

Tuje kwenye chupa.

Silikoni haiyeyuki kwa kunywa kitu chochote. Matiti ya kwanza ya silikoni yaliwekwa Houston, Marekani, mwaka 1962, na wapasuaji Thomas Cronin na Frank Gerow, na hadi leo mwili hauna kimeng'enya cha kuivunjavunja. Maini hayaiwezi, figo haziichuji, mkojo hauitoi. Ikivuja hubaki ndani ya kifuko ambacho mwili umekijenga kuizunguka, au hukwama kwenye tezi za kwapa. Ikiwepo, altrasaundi au MRI, ile mashine ya picha ya sumaku, huionyesha, na ikibidi kutolewa hutolewa kwa kisu. Wala silikoni yako haikugeuka jiwe. Kilichokaza ni kile kifuko, na mionzi ndiyo inayokikaza mno. Kwa hiyo anayekuambia ugumu wa leo ni mabaki hajui hata ugumu wa kwanza ulitoka wapi.

Sisemi kwamba matatizo ya silikoni ni ya kubuni. Mwaka 2010 Ufaransa ilizuia matiti ya kampuni ya PIP baada ya kugundulika kwamba yalijazwa silikoni ya viwandani. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliyaondoa sokoni duniani matiti yake yenye gamba la kukwaruza, kwa kuhusishwa na saratani adimu ya seli za limfu inayoota kwenye kifuko. Dalili yake ya kawaida ni maji yanayojaa kuzunguka silikoni miaka mingi baada ya kuwekwa. Maji yako yako mgongoni, hiyo ni habari nyingine. Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ililazimisha onyo kali kwenye pakiti, na kila mwanamke aambiwe kwamba kifaa hicho si cha maisha yote. Na kuna wanawake wanaolalamikia uchovu, maungio kuuma na kusahausahau wakiwa na silikoni, na wengi wao husema wamepata nafuu ilipotolewa. Nawaamini, ingawa hatuna kipimo kimoja cha kuthibitisha. Lakini angalia jinsi hao wa PIP na Allergan walivyojijua: kwa kumbukumbu. Aina ya silikoni, namba yake, tarehe. Kwa hiyo badala ya chupa ya nne, omba kila hospitali iliyokupasua ikupe ripoti za upasuaji, na ile kadi ya silikoni yenye namba. Mle ndani imeandikwa kama silikoni ilitoka nzima au imepasuka, na kama kifuko nacho kilitolewa. Swali lako la mabaki lina jibu kwenye karatasi hiyo.

Kinachonikasirisha kuliko fedha yako iliyoliwa ni sharti linaloambatana na dawa hizi: "usichanganye na dawa za hospitali." Kama uvimbe wako ulikuwa wa aina inayolishwa na homoni, huenda uliandikiwa tamoksifeni ya kumeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Kidonge hicho ndicho kinachopunguza uwezekano wa saratani kurudi. Nimekaa na wanawake waliokiacha miezi mitatu, sita, wakimaliza kwanza dozi ya kusafisha mwili, kwa sababu muuzaji alisema vitapingana. Wengine hawakuacha, wakavimeza vyote, na hakuna anayejua kilichomo chupani kinafanya nini na tamoksifeni, wala ini linakichukuliaje. Kama umeacha kidonge chochote, kianze leo na umwambie daktari wako wa saratani ukweli. Hatakugombeza. Akikugombeza, vumilia na umwambie tu.

Wauzaji hawa wamejaa sasa. Jana walikuwa wa kukuza makalio, leo ni wa kusafisha silikoni, na wengine ni wale wale waliowachoma wasichana mafuta na silikoni ya maji kwenye vyumba vya nyuma vya saluni. Silikoni ya maji ikichomwa mwilini haina ganda la kuishika; inatambaa ndani ya nyama, na ikiingia kwenye mshipa wa damu inafika mapafuni na inaweza kuua. Mtu akiwa na maumivu ambayo daktari wake hajamweleza vizuri, hapo ndipo muuzaji anapopata pa kukaa. Nalisema hili kwa wenzangu pia. Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini bila kuambiwa kwamba mafuta yanaweza kugeuka kuwa magumu, kwamba maji yanaweza kurudi, kwamba ngozi haitahisi moto, tumemwacha atafute maelezo kwa yeyote atakayempa.

Usiamue sasa kutoa kila kitu, kama wazo hilo limeshakujia. Miezi mitano ni mapema mno kulihukumu titi la nyama. Kwanza altrasaundi, kisha maji ya mgongoni, kisha bega.

Siku ya kliniki nenda na zile chupa, hata zilizoisha, ili daktari asome lebo. Na mama mkwe nenda naye. Aelezwe mwenyewe, aguse ngozi ya upande huu na ya upande ule, apewe kazi mpya: kila jioni, saa ile ile ya kukanda, asimame nyuma yako ukipandisha vidole ukutani, kimoja kimoja, na aweke alama ya chaki pale mkono ulipofika.