"Inactive" sio kufutwa
Dada usipaniki, hilo neno "inactive" (yaani "si hai") uliloliona ukicheki jina lako kwa simu kwenye daftari la wapiga kura hapa Marekani halimaanishi huwezi kupiga kura. Mara nyingi ni ulihama apatimenti, kaunti wakatuma barua ya kuthibitisha adresi ikaenda kule kwa zamani, hukujibu, basi wakakuweka pembeni kama "inactive", na sheria ya shirikisho ya 1993 ya uandikishaji wapiga kura inasema kwa kuhama tu hawakutoi kwenye daftari mpaka zipite na chaguzi kuu mbili za shirikisho hujapiga. Huku kwetu Texas wanaiita "suspense", mimi ilinikuta, nimefika na leseni yangu mkononi yule mama wa mezani akanipa kikaratasi nijaze naishi wapi sasa hivi, nikasaini, nikapiga, nikarudi zangu kazini. Ila ukiwa umehamia kaunti nyingine hiyo kesi tofauti, jiandikishe upya angalau siku 30 kabla, sio wiki ya uchaguzi jamani 😅. Na wakikwambia jina halipo kabisa usiondoke, omba kura ya muda ("provisional ballot"), wataihesabu wakihakiki kwamba una haki ya kupiga. Kama uko steti nyingine anzia vote.gov, itakupeleka kwenye saiti ya kwenu.