Siku Mbili Sizilaumu, Naiogopa ya Tatu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, siku mbili tatu za kula sikukuu zinaweza kufuta miezi ya kujinyima? Nimelijibu swali hilo mara mbili kwa mwili wangu mwenyewe, na kila mara nikapata jibu tofauti.

Mara ya kwanza nilikuwa nimepunguza kilo 9 kwa miezi 5. Sikukuu ikaja, nikajiachia siku mbili, na asubuhi ya siku ya tatu nikapanda mizani. Kilo 2.8 zaidi. Nikashuka, nikaisogeza mizani palipo na sakafu sawa, nikapanda tena. Namba ileile. Basi nikajiambia maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge. Mizani ikaingia uvunguni mwa kitanda, nami nikaendelea na viporo, viporo vilipoisha nikaendelea na visivyo viporo, hadi wiki ya nne. Nilipoitoa tena nilikuwa nimerudisha kilo 4, na hizo zilikuwa za kweli.

Nasema za kweli kwa sababu zile 2.8 za mwanzo sehemu kubwa yake ilikuwa uongo. Pigeni hesabu nami. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Ili ninenepe kilo 2.8 za mafuta ningehitaji kula kalori zaidi ya 21,000 juu ya zile ambazo mwili unazitumia, nao wangu unatumia kama 2,000 kwa siku. Maana yake ndani ya siku mbili ningekuwa nimekula chakula cha karibu siku 13. Mimi ni mlaji, sikatai, lakini si kiasi hicho. Wapo shangazi zangu waliohesabu tonge zangu zote, waulizwe.

Uzito ule ulikuwa maji kwa sehemu kubwa. Wanga ambao mwili haujautumia huwekwa kwenye ini na misuli kama akiba iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu 3 hivi za maji. Mtu mzima anaweza kuweka karibu nusu kilo ya akiba hiyo. Sasa aliye kwenye dayati, hasa aliyepunguza wanga, ghala lake halijai. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya dayati uzito huporomoka na kila mtu anajiona hodari: ghala linamwagwa. Siku ya sikukuu linajazwa tena. Gramu 400 za glaikojeni pamoja na maji yake ni kilo 1.6, na hapo hujaongeza hata kijiko cha mafuta mwilini.

Halafu kuna chumvi, maana chakula cha sherehe hakipikwi kwa woga. Kila gramu 9 za chumvi zinazobaki mwilini huhitaji maji ya karibu lita moja ili damu isizidi chumvi, na figo huchukua siku kadhaa kuitoa ziada hiyo. Na kuna chakula chenyewe, ambacho asubuhi ile kilikuwa bado kiko safarini tumboni. Samahani kwa wanaosoma wakiwa mezani.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililokuwa likiniuma miaka mingi. Mnakaa sinia moja na ndugu yako asiyejinyima, mnakula sawa, kesho yake yeye haongezeki kitu wewe umeruka kilo mbili, hadi unaanza kuwaza kuwa kuna mkono wa mtu. Hakuna. Ghala lake lilikuwa limejaa tangu zamani, lako ndilo lililokuwa na nafasi.

Sasa tuje kwenye siku ya tatu. Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack waliwapa watu kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wakawawekea aiskrimu wale watakavyo. Wasio na mazoea ya kujinyima walipunguza aiskrimu baada ya kinywaji, kama akili inavyotarajia. Wanaojinyima walifanya kinyume: waliokwisha kunywa walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao ambao hawakupewa kinywaji. Hiyo ndiyo "potelea mbali" yetu, imepimwa maabara. Mtu akishaona siku imeharibika, anaimalizia. Mimi niliumalizia mwezi.

Msinielewe kwamba sikukuu haina madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia watu wazima 195 wa Marekani, toka katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari. Kwa wastani waliongezeka gramu 370 tu, ingawa wenyewe walidhani wameongezeka karibu mara nne ya hapo. Kidogo, eti? Tatizo ni kwamba kidogo hicho hawakukipunguza miezi iliyofuata, na waliokuwa wanene tangu awali ndio walioelekea zaidi kuongezeka sana. Hao hawakuchaguliwa kwa kuwa kwenye dayati, kwa hiyo sisi tunaojinyima tusijipime nao neno kwa neno. Lakini gramu 370 kila mwaka kwa miaka kumi ni suruali mbili zisizofungika.

Mara ya pili, basi, sikuificha mizani. Nilijipima kila asubuhi, baada ya msalani na kabla ya kunywa chochote, nikaandika. Kabla ya sikukuu 74.1. Siku ya tatu 76.6. Moyo ulinipasuka kidogo hata nikiwa na elimu yangu yote ya glaikojeni. Nikala chakula changu cha kawaida cha dayati, sahani ileile, saa zilezile. Siku ya nne 76.0, ya tano 75.2, ya sita 74.9, ya nane 74.3. Zile gramu 200 zilizobaki huenda ndizo mafuta yangu ya sikukuu, na hata hapo siwezi kuapa.

Sikufunga kutwa, sikukimbia juani nimevaa makoti, sikunywa dawa ya kuharisha. Dawa hizo zinatoa maji, na maji yanarudi ukinywa bilauri mbili. Na anayejiadhibu kwa njaa siku ya tatu, usiku wa siku ya nne utamkuta jikoni.

Kujipima huku si maajabu yangu. Huko Birmingham, Uingereza, watu wazima 272 waligawanywa makundi mawili wakati wa Krismasi. Kundi moja liliombwa kujipima angalau mara mbili kwa wiki, likapewa na ushauri mfupi wa kula. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kundi hilo lilimaliza likiwa na uzito pungufu wa karibu nusu kilo kuliko lile jingine. Wapo ambao namba ya asubuhi inawaharibia siku nzima. Dada yangu ni mmoja wao, yeye anapima kwa tundu la mkanda na anafika salama. Ila mwenye ugonjwa wa moyo asijifariji na habari zangu za maji. Kwake kilo mbili za ghafla ndani ya siku chache ni jambo la kumweleza daktari siku hiyohiyo.

Mwaka huu nimeongeza hila moja. Usiku wa siku ya pili kila mgeni aliondoka na chombo, kimejaa, bila kuulizwa kama anataka. Friji ilibaki na maji na ndimu. Vifuniko vyangu vitatu havijarudi hadi leo.